Tiketi Mbili za Boti ya Jioni

Nilifika kukata tiketi saa kumi na mbili kasoro robo, dirisha likiwa karibu kufungwa.

"Wangapi?" karani aliuliza bila kuinua macho.

"Wawili," nikasema.

Ulimi uliteleza. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikisema wawili. Mke wangu alikuwa na miezi minne kaburini, na niliona haya kumweleza mtu nisiyemjua jambo hilo huku foleni ikinisukuma mgongoni. Nikachukua zote mbili, nikapanda boti.

Boti ile huhudumia visiwa viwili. Cha kwanza ni msitu mtupu: nyani, matope, na nyumba moja ya askari wa wanyamapori. Cha pili ni mchanga mweupe, viti vya kulalia, na watu wa kukuletea juisi mkononi. Mke wangu alikuwa mwalimu wa sayansi, mimi fundi friji, na kila likizo ilipokaribia ulianza ubishi uleule.

"Ufukweni nitafanya nini, fundi? Nijianike kama nguo?"

"Na huko kwako, mwalimu, nisafiri kutwa nzima nikaumwe na mbu? Kwani hapa nyumbani wamekwisha?"

Tulicheka, na mwisho nilishinda mimi. Kila mara nilishinda mimi. Yeye alikubali kwa shingo upande: "Sawa, lakini mwakani kwangu." Mwakani ya mwisho ilipofika, mapafu yake hayakuweza hata ngazi za nyumbani. Sasa binti yetu ndiye aliyenihimiza. "Baba, nenda ukapumzike. Umekonda mno." Nami, bila kufikiri mara mbili, nikachagua mchanga tena.

Nilikaa dirishani. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Jua likazama, taa hafifu zikawashwa, injini ikanguruma.

Nikasikia harufu ya chaki.

Nikajiambia ni mawazo tu. Kisha... kikohozi. Kikavu, kifupi, mara mbili, na pumzi ya kukwaruza nyuma yake. Kikohozi kile nilikisikiliza mwaka mzima, nikiwa nimelala macho nikihesabu pumzi. Nywele zilinisimama.

Mkaguzi wa tiketi akafika. Akachana yangu. Akachana na ya pili, akainamisha kichwa kuelekea kile kiti.

"Shikamoo, mama," akasema, akapita.

Sikugeuka. Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu anapojiweka sawa.

"Tunashuka wapi, fundi?"

Sauti yake. Ya chini, kama alivyonong'ona siku zake za mwisho.

"Mchangani," nikajibu. Nakuapia, nilijibu kabla sijakumbuka kuogopa.

Akashusha pumzi, vilevile alivyokuwa akishusha kila nilipomshinda.

Boti ikapunguza mwendo. Tulikuwa kwenye kisiwa cha msitu. Giza la miti lilishuka mpaka majini. Baharia akateremsha ubao wa kushukia ili apeleke mizigo ya askari, na hapo mkono ukashika wangu. Baridi. Mwepesi, mifupa mitupu.

"Twende kwangu. Mara hii tu."

Nikainuka. Nilimfuata nikilia kama mtoto, nikimwona kwa nyuma: gauni lake la kijani la kwendea shule, mgongo umenyooka, hakohoi tena. Nilimpenda mno mwanamke yule. Nikakanyaga ubao kwa mguu mmoja.

"Mwalimu... nitarudi?"

Hakuwahi kunidanganya akiwa hai.

"Hapana," akasema.

Majani yakatikisika pasipo upepo. Kulikuwa na watu kule, chini ya miti. Wamesimama wawili wawili. Kimya. Wanatungoja.

"Mtoto," nikamwambia. "Mtoto nitamwachia nani?"

Akageuka. Akanitazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi anayesema daftari limepotea njiani.

"Sawa, fundi."

Akauachia mkono wangu. Akashuka peke yake.

"Mmoja ameshuka!" baharia akampazia sauti nahodha, akavuta ubao. Kisha akaninong'oneza, "Wanaokata mbili, wengi hushuka wote. Mshukuru Mungu." Nikamuuliza wale ni akina nani. Alinipa mgongo, akaenda kukunja kamba zake.

Nilikaa mchangani siku tatu. Kila kitu nilichokuwa nikikipigania kilikuwepo, na hata juisi ilinishinda kumeza. Mguu ule uliokanyaga ubao umekuwa wa baridi tangu jioni ile. Nauanika juani, nauchua kwa maji ya moto, wapi. Daktari ameupima, haoni kitu.

Niliporudi nilimsimulia binti yangu yote. Hakunicheka. Alilia, akanikumbatia kwa nguvu.

"Asante, baba," akasema. "Asante kwa kurudi kwa ajili yangu."

Kumbe pale ubaoni sikumkumbuka hata kidogo. Niliogopa, basi. Niliogopa giza, na wale watu, na mkono wa mke wangu mwenyewe. Nikatafuta neno la kujiokoa, na lililokuwa karibu likawa mtoto. Mama yake alilijua hilo palepale.

Nikampapasa binti yangu kichwani.

"Usilie, mwanangu," nikamwambia. "Ningeendaje, na wewe upo?"