Saa ya Gitonga

Rafiki yangu Gitonga wa Kariobangi alitaka kwenda kwa wakwe, kwao Wakiuru, na saa ya kitajiri, zile za mabwanyenye, ila aliiunda mwenyewe. Kasha alilichonga kwa shaba ya bomba la maji.

"Gitonga," nikamchokoza, "hiyo itasoma saa za Uswisi ama za Dandora?"

"Cheka tu, buda. Jumamosi babake Wakiuru akiuona huu mkono, hataniita tena fundi wa majiko."

Ukabaki mkanda. Ngozi aliinunua soko la Kariokor ikiwa haina tundu, maana tundu hutobolewa baada ya kupima mkono wa mvaaji. Sasa utajipima vipi na mkono wa kushika ni mmoja? Alasiri hiyo alikuwa peke yake katika chumba chake cha kazi kisicho na dirisha, mlango kaukomea. Akaiweka saa mezani, akaita kwa mzaha, "Haya, nani ataniazima mkono?"

Stima zikapotea.

Giza likajaa kama masizi. Gitonga, kicheko bado mdomoni, akapapasa akitafuta simu. Akasikia nyundo yake ikigonga mara moja: ko! Kisha ngozi ikalia, polepole, kama mtu anayekaza mshipi.

"Nani?"

Akaipata simu, akawasha tochi. Hapakuwa na mtu, na komeo lilikuwa mahali pake. Saa ilikuwa mezani, mkanda umefungwa kwenye tundu jipya, ndani yake hamna kitu. Na ile ngozi ilikuwa ikitanuka na kunywea, taratibu, kama imebana mshipa unaopiga.