Sufuria Tulizopigia Birmani

Niko na miaka sitini na saba, mujane, bibi, kambo ya bajukuu mingi, na bote banasoma. Ile najivunia, sitaficha. Miye mwenyewe niliacha masomo ningali mutoto, juu baba alisema musichana anatosha kujua kuandika jina yake. Kwa hiyo munivumilie kama maandiko yangu inayumba… mukono wangu ulizoea mwiko, haukuzoea kalamu.

Nakaa ku Kampemba, hapa Lubumbashi, upande wenye kuteremuka ku muto Naviundu. Bwana yangu alitoka kaskazini akiwa kijana, akafanya kazi ya reli. Wakati kazi iliisha, alijifunza kuponda mukuba, ile shaba yetu. Unatwaa bamba, unalipiga na nyundo ndogo pole pole, mupaka sura ya muntu inatoka ndani. Alipokufa, nyundo zake alizitwaa mutoto wetu wa mwisho, Kalenga. Batoto bengine balitwaa viti na redio. Kalenga alitwaa nyundo.

Mu parokia yetu kuko Masela Tereza, mutawa, anafundisha basichana kushona. Anatoka Birmani, ile bengine banaita Myanmar, inchi ya mbali kabisa. Anakula bukari, ugali yetu, na vidole kama siye, anasema Kiswahili yetu na mizaha yake yote. Siku moja, akiwa anatunga uzi mu sindano, alitueleza habari ya kwao. Basoda, ni kusema baaskari, balinyang'anya utawala kwa bale wenye bantu balichagua. Bantu bakatoka, bakapigwa risasi. Kila magaribi balikuwa banasimama ku madirisha na kupiga masufuria, juu kwao sauti ya sufuria inafukuza pepo mubaya mu nyumba. Kiisha udongo ukatetemeka, nyumba ya mama yake ikaanguka. Masela hakulia. Alitunga uzi tu. Njo miye nililia.

Siye bantu ba Kongo, nani atatufundisha maana ya kukimbia na godoro ku kichwa?

Basi bamama ba parokia tukasema: tufanye siku kuu ya kusaidia Birmani. Basichana bapake rangi ku vitambaa, bijana bacheze teatre, kwaya iimbe. Bintu byote bitauzwa, na bamasela batatuma dawa na mahema kule. Kalenga akaahidi tablo, picha ya mukuba: mwanamuke ku dirisha, sufuria juu ya kichwa, anaipiga. Alimupa sura ya Masela. Lakini mikono ilikuwa yangu… niliijua mara moja, minene vile.

Miye njo nilileta wazo ya kufunga siku na masufuria. Jua likishuka, tupige siye wote, kama kwao.

Lakini munajua desturi yetu. Kwetu, sufuria ikilia mu avenyu, mu mutaa, magaribi, ni mwizi. Baume banatoka na fimbo na mawe. Hatungojei polisi. Kwa hiyo ilibidi bantu baambiwe mbele.

Nikaenda kwa Papa Kasongo, shefu wa avenyu. Si muntu wa inje. Njo yeye alimushika Kalenga ku ubatizo. Nikamupikia sombe, yale majani ya mihogo, na samaki, akakula, akapanguza mudomo.

"Mama Numbi, lala usingizi," akaniambia. "Nitapita na firimbi yangu mupaka kule chini ku muto. Kila lupango itajua."

"Hata ku Naviundu, Papa?"

"Weye unanifundisha kazi yangu? Ongeza bukari."

Nikacheka, nikaongeza.

Siku ilifika. Lupango, ule uwanja wa parokia, ilijaa. Vitambaa bilitundikwa ku kamba, na rangi zao zilikuwa zinang'aa. Bijana balicheza basoda na raia, mupaka bamama bengine bakawatukana bale basoda kweli kweli, bakasahau ni teatre. Mama mumoja akaona sufuria yangu, ile ya ndoa, akasema:

"Mama Numbi, ile utaitoboa leo."

"Ikitoboka, marehemu atanitumia ingine."

Kalenga alikuwa bado. Alituma neno kwamba anamaliza macho ya ule mwanamuke, atapanda kutoka atelye yake ya kupondea mukuba ku muto.

Jua likashuka, tukaanza. Miye nilikuwa mbele. Mungu wangu, zile kelele! Masela alikuwa anapiga na machozi yakimutoka, ya furaha. Kiisha tukasikia kule chini firimbi, bantu banapaza sauti, banaita. Nikageukia bale bamama nikasema: "Pigeni, pigeni! Hata ku Naviundu banatujibu!"

Bakacheka. Tukapiga zaidi.

Kumbe hawakuwa banatujibu…

Papa Kasongo aliambia avenyu yetu tu. Kule chini hakufika. Alikwenda ku Karavia, upande ingine wa muji, ku ndoa ya tajiri, juu kule kulikuwa bia na nyama. Bantu ba ku muto balisikia masufuria, bakatoka na fimbo na firimbi zao. Na bakaona nini? Kijana anakimbia, giza linaingia, mufuko ku mabega. Bakamusimamisha, bakafungua mufuko. Mukuba.

Mwenye kukaa Lubumbashi hahitaji kuelezwa. Bezi ba mukuba njo banakata kamba za umeme, banatuacha mu giza, chakula kinaoza. Nani atamuhurumia muntu mwenye mufuko wa mukuba, masufuria yakilia?

Mama mumoja mwenye kuuza makala ya kupikia njo alimutambua. Alijitupa juu yake, akapigwa naye, mupaka bakaacha. Akatuma muntu ku parokia. Miye nilikuwa bado na mwiko mu mukono.

Nilimukuta ku muchanga, tablo chini ya kifua chake. Alikuwa ameilalia. Sura ya ule mwanamuke ilikuwa imebonyea kwa mawe. Na mukono wa kuume wa mutoto wangu, ule wa nyundo… sitaeleza.

Hospitali walifanya bile waliweza. Alipona, lakini bidole hazifungi tena. Ile siku alianza kusema, aliniambia hivi: "Mama, nililia jina yangu. Nikalia na jina yako. Hakuna mwenye alisikia."

Juu sufuria zilikuwa nyingi. Na ya kwanza ilikuwa yangu.

Nikamukuta Papa Kasongo misa ilipoisha, mbele ya bantu. "Papa, uliniambia nilale usingizi."

Hakunitazama. "Mama, weye uko muzee sasa. Unasahau. Hukuniambia kitu cha ku muto."

Bantu bakamuamini. Ni shefu, ana firimbi, ana muhuri. Miye niko na nini? Fimbo za bale bijana zilimuumiza Kalenga. Ile neno ya Papa Kasongo iliniumiza miye mupaka leo.

Masela alikuja, akapiga magoti ku kitanda cha Kalenga, akaomba rehema. Kalenga akamuambia: "Masela, kwenu sufuria inafukuza pepo. Hapa ilinikamata miye. Si kosa lako." Bantu balitaka kununua tablo juu ya huruma, bengine balisema itengenezwe kwanza. Kalenga akakatala kuitengeneza. "Niliahidi Birmani, iende vile iko." Ikauzwa na mabonyeo yake, dawa ikanunuliwa. Ile pia najivunia.

Ndugu musomaji, sisemi tuache kusaidia bantu ba mbali. Tusaidie, tuimbe, tupake rangi. Lakini ukitwaa desturi ya bengine, uliza kwanza nyumbani kwako ina maana gani. Neno la uzima wa bantu usimupe mukubwa akupelekee, peleka na miguu yako. Na weye mwenye kutoka na fimbo, nakuomba kama mama… muulize muntu jina yake. Kiisha nyamaza, ungojee akujibu.

Kalenga anakaa kwangu sasa. Magaribi nikisonga bukari, nasonga pole pole, mwiko usiguse ukingo. Siku ingine unagusa.  Kalenga anainuka, anatoka inje, anasimama ku mulango mupaka sufuria inanyamaza. Kiisha namuita kwa jina, kwa sauti kubwa, bajirani bote basikie.

"Kalenga!"

Na anaingia.