Mama Aliyeitwa Mvivu

Kila asubuhi kabla ya shule, Gesare aliteka maji, akawasha moto na kumbembeleza mdogo wake Ian, mtoto wa miezi sita. Zamani kazi hizo zilikuwa za mama yake, Phanice. Siku hizi mama alilala hadi jua kupanda, amejifunika mablanketi mawili na bado akitetemeka kwa baridi.

"Chai inakomaa shambani, naye amelala," alisema Nyanya Edinah, mama wa baba yake. "Jumapili atarudi kwao Marani. Watoto watabaki."

Gesare aliyasikia hayo akiwasha moto. Jana tu, kwa hasira, yeye pia alikuwa amemwita mama mvivu. Mama hakumkemea. Alimsogezea kipande chake cha kiazi, akageukia ukuta.

Ijumaa shule ilikuwa imefungwa, Gesare, mama na Nyanya wakampeleka Ian kliniki ya Birongo kupimwa uzani. Mama alisinzia kwenye benchi, mtoto karibu amponyoke. Daktari Roselyne alimdaka.

"Mama, unaumwa?"

"Nimechoka tu," Phanice alijibu kwa sauti nzito.

"Ni uvivu, daktari," Nyanya alisema. "Alipojifungua alikuwa na nguvu kama trekta. Alikuwa halali usiku, anafua, anachuma chai. Kijiji kizima kilimsifu."

Gesare aliinamisha kichwa. "Nyanya, wakati huo mikono yake ilitetemeka. Alikonda, na moyo wake ulikuwa ukimwenda mbio. Aliniambia ninyamaze, kwa sababu mlikuwa mnamsifu. Sasa mnataka kumrudisha kwao Jumapili."

Daktari alimpapasa Phanice shingo, akamtoa damu ya kupimwa. "Asisafiri kabla ya majibu," alisema.

Majibu yalipotoka, daktari aliwaeleza. "Tezi iliyo mbele ya shingo imevimba. Hali hii huwapata baadhi ya wanawake baada ya kujifungua. Mwanzoni humwaga homoni nyingi, mtu hatulii. Baadaye homoni hupungua, mtu anachoka na kuhisi baridi. Wengi hupona baada ya miezi kadhaa. Wachache humeza tembe maisha yao yote, nao huishi vizuri."

Phanice alianza tembe, na safari ya Marani ikaachwa. Kwa majuma mengi hakuna kilichobadilika, na Gesare aliogopa. Kisha asubuhi moja alimkuta mama jikoni, blanketi moja tu mabegani, akikoroga uji.

"Mjukuu wangu," Nyanya alisema polepole, "tulimsifu alipoanza kuugua, tukamtukana alipozidiwa. Hakuna aliyemuuliza. Ukiona mtu amebadilika, muulize kabla hujamhukumu."

Akachukua mwiko mkononi mwa Phanice. "Mama Gesare, leo unajisikiaje?"

"Leo afadhali, mama."