Firigisi Ina Mwenyewe

Malaba saa saba mchana mtu hapiti, anapenya. Malori yamejipanga mpaka macho yanachoka kuyahesabu, boda boda wanapiga honi bila sababu yoyote ya maana, na kila mtu ana haraka ya kwenda upande ule mwingine. Katikati ya vurugu hiyo, siku moja ya mwezi Machi, harufu ya kuku wa moshi katika mchuzi wa njugu ilitoka kwenye hoteli ndogo ya mabati ya samawati ikamvuta Willis Opondo kwa pua mpaka mlangoni.

Willis alikuwa ajenti wa kupitisha mizigo mpakani, Mjaluo mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Aliyesimama jikoni alikuwa Trizah, msichana Mluhya wa Umarachi, miaka thelathini na tatu, gauni la kitenge cha kijani, leso kiunoni, jasho shingoni. Tuseme ukweli, alikuwa mzuri, na alijua.

"Mama, hiyo ni nini inanukia hivyo?"

"Mimi si mama yako. Naitwa Trizah. Na hiyo ni kuku."

"Kuku nimekula tangu nizaliwe. Hiyo si kuku tu."

"Basi kaa chini ule, halafu uniambie ni nini."

Alikula sahani mbili. Katika bakuli alikuta msuko mdogo wa majani ya mchaichai, umefungwa vizuri kama nywele za mtoto wa shule. Akauinua kwa uma.

"Unasukia kuku nywele?"

"Mama yangu alikuwa anasuka hivyo, ndio majani yasitawanyike kwa mchuzi. Weka chini, hiyo hailiwi."

Akacheka, akaomba afungiwe nyingine ya kubeba.

"Kwani nyumbani hakuna mtu wa kupika?"

"Kwangu sufuria zimelala, dada," alisema Willis, na macho yake yakaenda kwenye malori.

Trizah akaelewa alivyotaka kuelewa. Sote tuna ugonjwa huo.

Willis alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Kufikia Pasaka alikuwa na kiti chake, kile cha pembeni karibu na jiko, na Zilpa aliyesaidia kuosha vyombo hakumruhusu mteja mwingine kukikalia. Kisha ikafika Alhamisi ambayo Trizah alipakua mchuzi, akaichagua firigisi, akaiweka juu kabisa ya sahani ya Willis. Zilpa akaacha kuosha vyombo.

Hapo hayakuhitajika maneno. Kwa Waluhya na kwa Wajaluo vilevile, firigisi ni ya mwanaume mwenye nyumba, mwanamke haili. Trizah alikuwa amechinja na kupika kuku tangu akiwa na miaka tisa, na kila firigisi ilikwenda kwa baba, na baba alipofariki ikaenda kwa kaka zake. Hotelini alikuwa akiwauzia wazee walioijua thamani yake. Mwanaume wa kumpa bure hakuwa amempata.

Willis aliitazama firigisi, akamtazama Trizah.

"Una uhakika?"

"Kula kabla sijabadilisha nia. Na kabla hujala, una bibi?"

"Ningekuwa na bibi, ningekuwa hapa kila siku?"

Akaila. Na Trizah, ambaye kwa wateja hakuwa mtu wa kudanganywa hata kwa mfupa, hakuona kwamba ameuliza swali akajibiwa swali.

Kisha Willis akasema anataka kujifunza kupika mwenyewe, na zikaanza simu. Kila saa moja jioni Willis akiwa kwake Busia, simu ya Trizah ililia.

"Jaber wangu, mrembo wangu, nimewasha jiko. Nifanyeje?"

"Umeloweka kuku?"

"Nimeloweka. Moshi wote umetoka kwa maji."

"Sasa njugu. Usiitupe hivyo kwa sufuria! Koroga kwanza kwa bakuli na maji ya vuguvugu mpaka ilainike kama uji."

"Inashikana."

"Inashikana kwa sababu una haraka. Mimina pole pole, na usifunike, itamwagika. Unasikia? Willis! Punguza moto, wewe!"

"Nimepunguza, baby. Unanipigia kelele kama bibi."

"Ngoja nikuwe bibi ndio utajua kelele."

Wakacheka, yeye Malaba, yule Busia. Trizah akamfundisha kusubiri mpaka mafuta ya njugu yaelee juu, akamfundisha kusuka mchaichai kwa vidole vyake vikubwa. Akamfundisha mrenda na kunde, uji wa wimbi na muhogo, samaki mkavu wa kupikwa kwa maziwa. Kila chungu alichokijua marehemu mama yake, Trizah alikitoa kwa simu. Alidhani anamfundisha mume, wapate kupikiana zamu wakizeeka.

"Na kama mtu hataki pilipili?" Willis aliuliza jioni moja.

"Mtu gani? Wewe juzi umemaliza tatu."

"Tumbo, baby. Inanisumbua."

Mwezi Mei alipotea siku tisa. Simu haikushikwa. Trizah alipika kwa hasira mpaka wateja wakalalamika chumvi, akamwambia Zilpa kwamba ni wazi kuna mwanamke. Siku ya kumi Willis akaingia, amekonda, shati halijapigwa pasi.

"Kuna mgonjwa kwetu, Trizah. Mgonjwa sana. Chakula hakikai tumboni."

"Mama?"

Willis akainamisha kichwa. Trizah akaona aibu kwa kumshuku mpaka machozi yakamtoka. Alimshika mkono mbele ya wateja, akamwelekeza kupika mchuzi mwepesi, ule wanaopewa wanawake waliotoka kujifungua: njugu kidogo, supu nyingi, mchaichai mara mbili, kijiko kimoja kila baada ya muda.

"Atapona," alimwambia. "Hiyo supu iliniinua mimi mwenyewe nikiwa mdogo."

"Desemba," Willis akasema, "nitakuja kwenu Butula kuona wazee."

Trizah alinunua kitambaa siku hiyohiyo, cha zambarau chenye maua meupe, akampelekea fundi.

Mwisho wa Julai, siku ya Jumanne, akaingia mwanamke mmoja mwembamba. Sketi yake ilikuwa imekunjwa kiunoni na kubanwa kwa pini kubwa, kama ya mtu aliyekuwa na mwili akaupoteza. Alikuwa ametoka Kocholia kumsalimia mama yake. Akakaa pembeni, kwenye kile kiti, na Zilpa akataka kumwondoa lakini Trizah akamkonyeza amwache, alionekana amechoka.

Mwanamke alionja kijiko kimoja, akasimamisha mkono. Akaonja tena. Kisha akachokoa bakuli na kuinua msuko wa mchaichai, akaanza kucheka.

"Dada, nani amekufundisha kusuka hii?"

"Mama yangu."

"Basi mama yako na bwana yangu walisoma shule moja! Hii ni chakula ya bwana yangu kabisa. Kabisa!"

Trizah aliweka mwiko chini.

"Bwana yako ni mpishi?"

"Wapi! Hakuwa anajua hata kuchemsha chai. Nimekuwa mgonjwa tangu Februari, kila kitu nakula kinarudi. Watu wa kwetu walikuwa wameanza kulia nikiwa naskia. Huyo mwanaume akaanza kubeba chakula kutoka huku Malaba. Halafu akasema ngoja ajifunze mwenyewe. Anakoroga na simu iko kwa sikio, ati ni anti yake ndio anamfundisha." Akafuta macho, anacheka na kulia pamoja. "Huyo anti ana mdomo! Mimi kwa kitanda nasikia tu, 'Willis! Punguza moto, wewe!' Hata siku sikuwa na nguvu ya kucheka nilikuwa nacheka. Naitwa Amuge. Na huyo anti sijawahi kumwona, lakini Mungu ambariki, ndiye ameniweka hai."

Nyuma ya Trizah mchuzi ulianza kupanda. Ulipanda ukafika ukingoni, na Zilpa alikuwa amesimama karibu na jiko, mgongo umegeuka. Trizah alifungua mdomo kupiga kelele, kisha akaufunga. Mchuzi ukamwagika motoni, majivu yakapaa, na yeye akaja kuchomoa kuni kwa mkono wake bila kusema neno.

"Nifungie kidogo nimpelekee," Amuge aliomba wakati wa kuondoka. "Na firigisi, kama iko."

"Firigisi ina mwenyewe," Trizah alijibu, akishusha sauti.

Alhamisi Willis alikuja, shati jeupe, tabasamu lote. Trizah akamletea sahani. Willis alisogeza paja, akasogeza bawa, akatafuta chini ya mchuzi.

"Baby, leo umenisahau?"

"Anti yako wa Malaba anakusalimia."

Uso wake ulikwisha rangi. Malori yalinguruma nje.

"Amuge alikuja hapa?"

"Alikaa hapo ulipokaa."

"Trizah, nisikie. Nilianza kwa sababu yake, ukweli wa Mungu. Alikuwa anakufa. Halafu nikaendelea kwa sababu yako. Yote niliyokuambia nilikuwa namaanisha."

"Na Butula? Ungekuja na nani Butula, Willis? Na Amuge akiwa amekubebea kuku?"

Willis aliangalia vidole vyake.

"Umemwambia?"

"Hapana. Nimempikia miezi minne bila kumjua, na amesimama. Siwezi kumwangusha kwa mdomo sasa. Ungeniambia tu kuna mgonjwa nyumbani kwako, bibi yako, ningekufundisha bure. Hata moyo wangu haungehitajika."

"Nakupenda, jaber."

"Najua. Ndiyo maana inauma. Kula, umalize, usirudi hapa. Na saa moja simu yangu usiipigie tena."

Lakini Willis hakula. Alibaki anaitazama sahani.

Trizah alirudi jikoni. Akachovya mwiko, akaitoa firigisi iliyokuwa imebaki ndani ya chungu, akaishika kwa vidole ikiwa bado ya moto. Zilpa aliona, akasema, "Trizah, mwanamke hali hiyo." Hakumsikiliza. Alisimama wima mbele ya Willis, katika gauni lake la kijani, akaitia yote mdomoni, firigisi ya kwanza katika maisha yake.

Alitafuna muda mrefu. Ilikuwa ngumu, na machozi yalimtiririka akiwa bado anatafuna, kwa sababu miaka yote hiyo alidhani ina ladha ambayo haijaumbiwa mdomo wake. Kumbe ni nyama tu.