Herufi Ndogo na Upande wa Mama

Siku mama alipoondoka, kompyuta ya dukani ilikuwa bado inawaka. Alikuwa anachapa barua ya mteja, akafika penye "kwa heshima na", akasema kifua kinambana, akatoka nje kupunga upepo. Hakurudi kwenye kiti kile. Jioni nyumba ilipojaa watu, binti yake alitoroka akaenda dukani, akakuta kijistari kinapepesa mbele ya neno "na", kama mtu anayengoja amaliziwe sentensi. Akaihifadhi barua ilivyo, akazima.

Wateja walimwita marehemu Mama Herufi, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumkamata na kosa. Binti, aliyekulia chini ya meza ya printa, walimwita Herufi Ndogo. Sasa duka lilikuwa lake, pamoja na kompyuta iliyochakaa. Windows iliyokuwa ndani yake ilikuwa ya zamani, haipati tena masasisho, na kila flashi ya mteja ilikuwa imeiachia ugonjwa wake. Ukiiwasha, unaweza kufagia duka zima kabla haijaamka. Lakini humo ndimo alimobaki mama. Folda za wateja hakuziita kwa majina yao, aliziita kwa vituko vyao: Wa Kofia Nyekundu, Bwana Harusi Mara Mbili, Mwalimu Asiyecheka. Alizipanga kwenye kioo kwa mpango alioujua mwenyewe.

Herufi Ndogo akaifunga kwenye shuka, akaipeleka kwenye jengo la mafundi. Lilikuwa limefurika watu, redio kila kibanda, harufu ya risasi ya kuchomelea ikipanda puani.

"Dada, hii dawa yake ni kufuta yote tuanze upya," fundi mmoja akamwambia bila hata kuinua macho.

"Kafute ya kwenu!"

Akabeba mzigo wake, akageuka kwa hasira, na kona ya kompyuta ikamgonga mtu kifuani.

"Dada! Unaua!"

"Samahani, kaka. Umeumia?"

"Mimi mzima. Hilo sanduku lako ndilo linaloonekana limeumwa."

Alikuwa kijana mrefu, shati la kijani limekunjwa mikono, bisibisi nyuma ya sikio. Kijana naye alimtazama Herufi Ndogo: gauni jeusi la mikono mirefu, kilemba cha zambarau kilichofungwa kikubwa, kama cha mtu mzima. Kilikuwa cha mama yake.

"Kama ni kufuta, siiachi," akasema Herufi Ndogo.

"Nani kasema kufuta? Jaribu kwanza."

Mwanamke wa kibanda cha chaja akaangua kicheko. "Umempata Fundi Jaribu! Huyo hata chai huonja kwanza kwenye kikombe cha mwenzake."

Fundi akajifanya hakusikia. Akatoa flashi mfukoni. "Humu mna Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, ile ya wanaoanza. Kitufe cha kuanzia kiko pale pale chini, folda ni folda, hutapotea. Na inawaka kutoka kwenye flashi yenyewe. Vilivyomo ndani ya mashine yako hatuvigusi hata kwa ukucha."

"Na nikiharibu?"

"Humu huwezi kuharibu kitu."

Siku ya pili Fundi alikwenda dukani kwa Herufi Ndogo, akachomeka flashi, akawasha. Kioo kikatulia, kisafi, rangi ya kijani iliyopoa. Herufi Ndogo akavuta kiti karibu.

"Bei gani hii?"

"Bure."

"Cha bure kina kasoro."

"Mama alikulipisha kukulea?"

Herufi Ndogo akagusa kilemba. Kisha akauliza, "Kaitengeneza nani?"

"Watu wengi. Huyu kaandika hiki, yule karekebisha kile, wanapeana."

"Wanajuana?"

"Wengi hawajawahi hata kuonana."

"Basi ni watu wa ajabu."

"Naona umeshaanza kuwapenda."

"Nani kasema nawapenda wao?"

Bisibisi ikamdondoka Fundi sikioni, Herufi Ndogo akacheka.

Fundi akamwachia flashi, na kuanzia hapo simu hazikukatika. "Mpenzi, kale kaduara kanazunguka, nikangoje?" "Kangoje, kipenzi, hata mimi nakungoja." Mama Mdogo, dada wa marehemu, aliyekuwa akija kumsaidia kubana vitabu, alisikia yote. "Siku hizi kompyuta inapona kwa kubembelezwa?" aliuliza, akacheka mwenyewe.

Ni Mama Mdogo aliyemletea kazi ngumu. Ukoo ulikuwa ukutane Jumapili kumkumbuka marehemu, na maneno ya kusomwa yalimwangukia mtoto wa mchapaji. Herufi Ndogo alikuwa ameshajaribu mara nyingi upande wa mama, ule wa Windows, lakini kila alipoufungua alikutana na ile barua isiyokwisha, vidole vikaganda. Kwenye Linux hakukuwa na barua. Alhamisi akaandika toka adhuhuri mpaka jua likachwa. Kila aya akimaliza alimpigia Fundi, akamsomea, akafuta machozi, akaendelea. Mwisho akahifadhi kwenye kioo, pale anapopaona, akazima mashine vizuri kama alivyofunzwa.

Asubuhi akawasha. Kioo kilikuwa kitupu, kama sahani iliyooshwa.

"Fundi, maneno yangu yako wapi?"

"Maneno gani?"

"Ya mama! Niliyokusomea jana!"

"Ulihifadhi wapi?"

"Pale kwenye kioo."

"Aa, jamani. Mpenzi, ile tulikuwa tunajaribu tu. Haijakaa ndani ya mashine. Ukizima, inasahau kila kitu."

"Ulisema siwezi kuharibu kitu!"

"Nilisema huwezi kuharibu vya mama."

"Na vyangu je?"

Fundi alidhani ameeleza. Alidhani mtu akisikia "hatugusi" atajua pia kwamba hatuweki. Hakuwahi kufikiri kuna mtu atamwaga moyo wake kwenye kitu cha kuonja.

"Naweza kuyarudisha?"

"Hapana," akasema. Hakutaka kumdanganya. "Yameondoka."

"Basi na wewe ondoka," akasema Herufi Ndogo, akakata simu.

Fundi alipiga, haikupokelewa. Akapiga tena, ikapokelewa na Mama Mdogo.

"Mwanangu, hapa kuna msiba juu ya msiba. Usipige. Njoo."

Jumamosi duka lilijaa. Herufi Ndogo alikuwa amerudi kwenye Windows, mashine inakokota, wateja wananuna. Fundi akaingia na shati jeupe lililopigwa pasi, viatu vimefutwa. Akasimama nyuma ya foleni kama mteja. Zamu yake ilipofika, Herufi Ndogo hakuinua kichwa.

"Kazi gani?"

"Kuchapa."

"Iko wapi?"

"Kichwani." Akakohoa, akaanza kuyarudia maneno aliyosomewa Alhamisi. "Mama yangu alikuwa hali chakula mpaka mteja wa mwisho atoke. Akikuta kosa, alipiga mluzi."

Vidole vya Herufi Ndogo vikasimama. "Hakuwa akipiga mluzi. Alikuwa akiguna."

"Akiguna. Na alisema jina la mtu likikosewa, ni kama umempiga kofi."

"Kama umemfungia mlango," akamsahihisha. "Unakumbuka vibaya hivyo, ulikuwa unasikiliza au unachezea bisibisi?"

"Nilikuwa nakusikiliza wewe."

Mzee mmoja mwenye kofia nyekundu akainuka kitini. "Kuguna ni kweli. Barua yangu ya kustaafu aliiguna mpaka nikaona haya. Eti 'babu, unaaga kazi au unagombana nayo?' Akaipindua yote."

"Hilo sikulijua," akasema Herufi Ndogo.

"Na mimi?" Mwanamke mwenye uso mkavu akasogea, mwalimu. "Siku niliyofiwa na mume wangu alinichapia tangazo, hakuniuliza kitu. Alinishika mkono tu mpaka printa ikamaliza."

Kila mtu kwenye foleni akawa na lake. Herufi Ndogo akachapa, anacheka, anafuta macho kwa ncha ya kilemba. Maneno ya Alhamisi hayakurudi. Yaliyokuja yalikuwa marefu zaidi, na mengine yalikuwa ya mama asiyemjua.

Wateja walipotoka, akamgeukia Fundi. "Iweke hiyo Linux. Lakini ndani, isisahau. Na ya mama ibaki."

"Zitakaa pamoja, kila moja upande wake. Safari hii nitakueleza kila hatua, hata ukichoka nami."

"Na sisi, Fundi? Tunajaribu tu?"

"Mimi nilishaacha kujaribu siku ulipocheka nilipodondosha bisibisi. Nikubalie nikuoe."

Herufi Ndogo akainamisha kichwa, hakusema hapana.

"Basi lete wazee wako!" Mama Mdogo akadakia kutoka nyuma ya printa. "Mimi nimeshachoka kujifanya sisikii."

Jumapili Mama Mdogo aliyasoma yale maneno. Ukoo ukasikiliza mpaka mwisho.

Siku hizi kompyuta ya dukani ikiwashwa huuliza uende upande upi. Herufi Ndogo huchagua Linux, hufanya kazi ya wateja. Siku moja moja, duka likiwa kimya, huchagua ule mwingine, huitazama ile barua, haiongezi neno, kisha huzima. Fundi, sasa mumewe, akiwapo, hutoka nje kidogo amwachie nafasi.