Tairi la Gari kwenye Pikipiki ya Naome

Kila siku masomo yalipokwisha, Shamira alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ile inayozunguka soko, ingawa ya barabarani ilikuwa fupi zaidi. Njia ya nyuma haikuwa na wanafunzi wengi. Wenzake walitembea vikundi vikundi, wakicheka na kuitana kwa majina ya utani. Yeye hakuwa na kikundi wala jina la utani. Yeye na baba yake walikuwa wamehamia Bwera, mji wa Uganda ulio mpakani na Kongo, kutoka Rukoki mwanzoni mwa muhula, na siku yake ya kwanza darasani msichana aitwaye Shallon aliweka mkono juu ya benchi akamwambia, "Hapa pana mtu." Shamira akaenda kukaa nyuma kabisa, na huko ndiko alikobaki.

Nyumbani nako kulikuwa kimya. Mama yake, Jalia, alikuwa Omani akifanya kazi za ndani. Alipiga simu pale tu tajiri wake alipomruhusu, na simu zenyewe zilikatika kabla Shamira hajafikia jambo alilotaka hasa kulisema. Baba yake, Huzaifa, alikuwa fundi wa matairi kando ya barabara iendayo mpakani. Hata zamani alikuwa mtu wa maneno machache; mama alipoondoka, hayo machache nayo yakapungua. Shamira alibadilisha sare, akakaa juu ya tairi kuukuu na kumtazama akifanya kazi.

"Umekula?" baba aliuliza.

"Nimekula."

Mazungumzo ya siku nzima yaliishia hapo.

Siku moja ya soko, jioni, pikipiki kubwa kuliko zote alizowahi kuziona ilisukumwa hadi kibandani. Ilikuwa na masanduku ubavuni, kioo cha kukinga upepo mbele, na kiti kipana kama cha gari. Aliyeisukuma, huku jasho likimtiririka, alikuwa mwanamke. Alivua kofia yake ngumu, akajifuta uso na kusema, "Habari za kazi, fundi. Tairi la nyuma limekwisha. Limenileta kutoka Nairobi, na kipande cha chuma hapo sokoni kimelimaliza kabisa."

Jina lake lilikuwa Naome. Alizaliwa Bwesumbu, juu kwenye miteremko ya Rwenzori, na kwa miaka mingi alikuwa amefanya kazi Kenya bila kurudi nyumbani. Sasa alikuwa njiani kumwona mama yake mzee, Edisa. Aliteremka Bwera kwanza ili amnunulie vitenge vya Kongo, kisha apande Bwesumbu, na kutoka huko aendelee na safari hadi Kampala kupitia Fort Portal.

Huzaifa aliinama, akasoma namba zilizoandikwa kwenye tairi, akatikisa kichwa. "Tairi la pikipiki la kipimo hiki hapa hakuna. Hata Kasese hakuna. Labda liagizwe Kampala, na hapo utangoja sana."

"Je, la gari?" Naome aliuliza. "Rimu yenyewe ni pana kama ya gari dogo. Nairobi nimewaona watu wenye pikipiki kubwa wanaofunga tairi la gari nyuma."

"Mimi sijawahi. Na sipendi." Huzaifa alilipigapiga tairi bovu kwa kiganja. "Tazama, dada. Tairi la pikipiki lina mgongo wa mviringo. Pikipiki ikilala kwenye kona, lenyewe linalala nayo. La gari lina uso bapa; wewe ukitaka kulala, lenyewe linataka kusimama. Kona itakupiga vita."

"Najua. Nitakwenda polepole, na nikifika Kampala nitalibadilisha. Mama yangu ananingoja, fundi."

Huzaifa alipima upana wa rimu kwa vidole. "Kesho nitakwenda Kasese kulitafuta. Lakini nikiona linagusa chuma popote, silifungi. Utanisamehe."

Mji ulikuwa umejaa watu wa soko, nyumba za wageni hazina nafasi, kwa hiyo Naome alilala kwao, chumbani mwa Shamira. Jioni ile walipika bundu, ugali wa muhogo, pamoja. Naome aliusonga ule unga wa muhogo kwa nguvu kama mtu anayelipiza kisasi, akasema Nairobi hakuna anayejua kuusonga. Kisha akaanza kuuliza. Unapenda somo gani? Mwalimu wenu ni mkali? Ukienda mtoni unaogopa? Aliuliza, halafu akangoja jibu. Hilo ndilo lililomshangaza Shamira. Ilikuwa zamani mno tangu mtu amuulize jambo na kungoja hadi amalize kulijibu. Alizungumza mpaka koo likamkauka. Wakati wa kula hata baba alicheka, na Shamira akamgeukia kumtazama, kwa maana sauti ile alikuwa ameisahau.

Kesho yake hapakuwa na shule. Huzaifa alirudi kutoka Kasese mchana akiwa na tairi la gari mgongoni mwa bodaboda. Jirani yao Sosthène, mchomeleaji vyuma kutoka Kongo, alikuja kusaidia. Waliinua pikipiki, wakalitoa gurudumu la nyuma, na Huzaifa akampa Shamira beseni la mafuta ya taa.

"Osha ekseli, nati na bushi. Usipoteze kitu. Hizi bushi mbili, hizi pete za chuma, ndizo zinazoliweka gurudumu katikati. Moja ikikosekana, gurudumu linakwenda upande."

Shamira aliosha huku akitazama. Baba na Sosthène walipaka sabuni kwenye midomo ya tairi, wakaliingiza kwenye rimu kwa vyuma vya kupenyezea, mmoja akikanyaga na mwingine akisukuma. Tairi lilikataa. Midomo ya tairi la gari ni migumu, nayo rimu ya pikipiki haikutengenezwa kwa ajili yake. Baba aliwasha mashine ya upepo.

"Simameni mbali!" alisema, naye mwenyewe akanyoosha mpira wa upepo na kujiweka kando. Mdomo wa upande mmoja ulikaa kwa mlio kama wa mbao inayovunjika. Wa pili ukagoma. Sosthène akasema, "Ongeza tu, patron!" lakini Huzaifa akakataa. Alitoa upepo wote, akapaka sabuni upya, akaanza tena. "Tairi likipasuka haliulizi nani alikuwa na haraka," alisema. Mara hii mdomo ulikaa.

Naome alipiga makofi. Akaanza kufunga mizigo yake.

Shamira aliiona mikono ya mgeni ikikaza kamba, ikikunja vitenge na kuviingiza sandukuni. Baada ya kitambo kidogo barabara itammeza, na jioni baba atauliza, "Umekula?" Mkono wa Shamira ulitenda kabla kichwa hakijaamua. Bushi moja iliyolowa mafuta ya taa iliteleza mfukoni mwa gauni lake.

"Lete hivyo vyuma," baba aliita. Akapokea beseni, akatafuta ndani kwa vidole. "Bushi ya pili iko wapi?"

"Nimeweka zote humo, Baba."

Walitafuta chini ya meza, kwenye mchanga, ndani ya matairi makuukuu. Naome alipiga magoti na kupekua takataka. Shamira naye alitafuta, na kila alipoinama aliisikia bushi ikimgonga pajani. Jua lilipoanza kuzama, Huzaifa alisimama, akamtazama Sosthène, ambaye muda mfupi kabla alikuwa amechukua nyundo karibu na beseni.

"Sosthène, hukuibeba pamoja na nyundo? Chuma ni chuma kwako."

Sosthène aliiweka nyundo chini. "Huzaifa, miye niko mwizi? Mulipofika hapa Bwera, nani aliwapokea? Nani aliwapa hii kibanda? Leo niko mwizi." Alikung'uta mikono yake na kuondoka, wala hakugeuka nyuma.

Naome alilala kwao tena. Shamira alikuwa amepata alichokitaka, lakini hakikuwa kile alichokidhania. Naome hakuuliza chochote jioni ile. Alikaa mlangoni na simu yake, na sauti ya mama yake, Edisa, ikasikika wazi, ya kizee, kwa Lhukonzo, lugha ya milimani, ambayo Shamira aliielewa vizuri.

"Naome, mwanangu, hata leo huji? Nimekaa kando ya njia tangu asubuhi. Kila pikipiki ikipita nasimama. Watu wananicheka, wanasema mzee huyu amekuwa mlinzi wa barabara. Kuku nimemchinja, nyama yake italala."

"Kesho, Mama."

"Ndivyo mnavyosema nyote mliokwenda mbali."

Shamira aliingia ndani akajifunika shuka. Aliyajua maneno yale. Ndiyo aliyotaka kumwambia mama yake kila simu ilipolia, ila simu ilikuwa ikikatika mapema.

Asubuhi Sosthène alikuja bila kusalimia, akiwa na kipande cha bomba alichokikata na kukichonga kwa tupa. "Munichukie tu," alisema, "lakini huyu mama aende kwa mama yake."

Huzaifa alikipokea akiwa ameinamisha macho. Alilifunga gurudumu, akalizungusha. Tairi la gari lilikuwa pana; kati yake na mkono wa chuma unaolishika palibaki nafasi ndogo tu, na kwa kile kipande gurudumu lilisogea upande, likakwaruza chuma. Akakitoa, akakichonga tena, akarudisha. Sasa lilipita, lakini kwa shida.

"Sipendi," Huzaifa alisema.

"Linapita, fundi. Niache niende. Umeisikia sauti ya mama yangu."

Huzaifa alilitazama gurudumu, akamtazama yule mwanamke aliyekuwa amevaa tayari kofia yake ngumu. Kwa mara ya kwanza Shamira aliona baba yake akishindwa kusema hapana. Akilini mwake Shamira aliiona barabara ya kuelekea Kinyamaseke, malori ya mpakani, pikipiki nzito iliyojaa mizigo, na lile tairi pana likitafuta pa kugusa.

"Usiondoke!" alipiga kelele.

Wote watatu waligeuka. Shamira alitoa bushi mfukoni. "Ninayo mimi. Niliificha. Si Sosthène. Ni mimi."

Sosthène alitikisa kichwa, akarudi karakanani kwake. Lori lilipita na vumbi lake likatua juu yao. Naome alivua kofia, akaketi juu ya mzigo wake kama mtu aliyechoka ghafla.

"Kwa nini?"

"Nilitaka ubaki."

"Mama yangu amekaa barabarani siku nzima, Shamira. Na mimi leo ningeangukia wapi?"

Shamira alimnyooshea baba bushi. Machozi yalimtoka, na hakuna aliyekuja kuyafuta. Baba alichukua bushi ile, akaifuta kwa kitambaa, akaanza kufungua gurudumu upya. Lilipokwisha kufungwa lilizunguka katikati, laini, bila kugusa popote. Akalizungusha tena na tena, akapima upepo, akaketi mwenyewe juu ya kiti ili aone kama uzito unalisogeza. Kisha Naome akaijaribu pikipiki polepole, akaenda hadi kwenye kona na kurudi.

"Ni kweli, kona inanibishia," alisema. "Lakini linakwenda sawa."

Kabla ya kuondoka alimsogelea Shamira. "Nimekukasirikia, na sitasema uongo kwamba hasira imekwisha. Lakini umesema kabla sijaondoka. Wako watu wazima ambao wangeniacha niende." Alimshika bega kidogo, akaliachia. Pikipiki ilinguruma, ikapita maduka, ikapotea. Barabara ikabaki na vumbi na mbuzi wa watu.

Huzaifa alimshika binti yake mkono, wakaenda hadi kwenye karakana ya Sosthène.

"Ndugu yangu," Huzaifa alisema, "nilikuita mwizi bila kuona kwa macho. Nisamehe. Na mtoto wangu naye ana neno."

Shamira alipiga magoti akaomba radhi. Sosthène aliweka tupa chini. "Inuka, mutoto. Jana roho iliniuma sana. Sasa imeshuka." Akampa Huzaifa mkono.

Waliporudi, Huzaifa hakushika spana. Alifunga kibanda ingawa jua lilikuwa bado juu, akaketi juu ya benchi, akamwonyesha Shamira nafasi karibu yake.

"Ulitaka abaki kwa sababu gani? Niambie kweli."

"Alikuwa ananiuliza mambo, Baba. Shuleni hakuna anayeniuliza. Hapa…" Alisita. "Hapa pia hakuna."

Huzaifa aliinamisha kichwa. Shamira aliogopa kwamba amemuudhi tena. Lakini baba alipoinua uso, macho yake yalikuwa mekundu.

"Kuwa mpweke si kosa, mwanangu. Hata mimi ni mpweke tangu mama yako aende. Kosa ni kuuficha upweke, kisha kuuacha ukutume. Wazee walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Wewe uliuficha wako mfukoni, mimi niliuficha wangu katika kunyamaza, na karibu mgeni wetu afe barabarani. Kuanzia leo, likikuuma, liseme. Uongo hauwezi kumshika mtu akabaki nawe. Unamchelewesha tu, na akijua, anakwenda mbali zaidi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Baba."

"Nami nitajifunza kuuliza." Alikuna kidevu, kama fundi aliyepewa mashine asiyoijua. "Haya. Nieleze habari za shule. Zote, hata zile mbaya."

Shamira akaanza kusimulia, kwanza kwa kusitasita, kisha maneno yakaja yenyewe. Baba yake hakumkatiza. Alingoja mpaka amalize.