Jina Lililokosekana Kitabuni

Kila asubuhi, kabla Hajira hajamaliza kufagia mbele ya duka la baba yake pale Katesh, Mama Gidamis alikuwa ameshafika na maziwa. Alitembea kutoka Mogitu na vibuyu viwili mgongoni, na vazi lake la ngozi lilinukia samli na moshi.

"Shikamoo, mama," Hajira alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu."

Maziwa yalipomiminwa katika sufuria, chembe nyeusi zilielea juu. Hajira alikunja uso kama alivyofanya kila siku.

"Mama, maziwa yenu mbona yana masizi?"

"Si uchafu huo," alisema Mama Gidamis. "Sisi kibuyu hatutupi. Tunaosha, tunachoma kijiti, tunasugua ndani kwa kile kijinga cha moto. Moshi unasafisha. Kesho kibuyu kinakuwa kipya tena."

Hajira alisikia, lakini kusikia si kushika. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na katika mtaa ule hakuna mtoto aliyesoma kumshinda. Jambo hilo alilijua, na hakuchoka kuwakumbusha wenzake.

Ilikuwa miaka ya utawala wa Waingereza, vita vikubwa vikiwa vimekwisha karibuni. Baba yake, Bwana Abdulrahmani, aliuza sukari, chumvi, kaniki na shanga. Nyuma ya duka palikuwa na kabati dogo la mninga lililofungwa kwa kufuli. Humo zilikaa dawa za kuua kupe, sumu kali ya kuogeshea mifugo, kila kopo na picha ya fuvu la kichwa. Juu ya kabati kilitundikwa kibali cha kuziuza, chenye muhuri wa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya kule Mbulu, na ndani ya kabati lilikaa daftari la jalada jekundu, Kitabu cha Sumu.

Masharti yalikuwa matatu, na Hajira aliyajua kwa moyo. Kabati lifungwe wakati wote. Sumu isiuzwe ila katika kopo lake lenye alama. Na kila mnunuzi aandikwe jina na mahali anapokaa, kisha atie sahihi au dole gumba.

Jumanne hiyo Bwana Abdulrahmani alipanda lori la Alfredi kwenda Babati kuchukua bidhaa. Kabla ya kuondoka alimwambia Hajira, "Uza sukari, uza chumvi. Kabati lile mtu akiliulizia, mwambie arudi kesho."

"Ndiyo, baba."

Adhuhuri mama yake alikuwa uani akimwogesha Tawakali, mdogo wake Hajira. Mzee mmoja wa Kibarabaig akaingia dukani. Alikuwa mrefu, mkavu, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Kupe wanamaliza ndama zangu," alisema. "Wawili wamekufa. Wamebaki wanne. Nataka dawa."

"Baba hayupo, babu. Rudi kesho."

"Kesho watabaki wangapi?"

Hajira alimhurumia mzee yule, huo ni ukweli. Lakini kulikuwa na ukweli mwingine, nao ni kwamba alitaka sana kuonyesha kuwa anaweza. Ufunguo aliujua ulipo, chini ya msala wa baba yake. Akaufuata.

Mzee alipoona kopo alitikisa kichwa. Lilikuwa kubwa mno. Ndama wanne wangelifanyia nini? Alitaka kidogo tu, na chombo alikuwa nacho. Akatoa kibuyu kidogo kilichopasuka zamani tumboni na kushonwa kwa uzi wa kano, mishono myeupe iliyopinda upande huu na upande ule. Hajira akafungua kopo na kumimina humo kwa uangalifu, bila kumwaga hata tone.

"Changanya na maji mengi. Paka ngozi tu. Isifike mdomoni," alisema kwa sauti ya mkubwa.

Mzee alimshukuru, akamwachia sega la asali, akaenda zake. Hajira akafungua daftari jekundu na kushika kalamu. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba hakumuuliza jina. Akatoka mbio mpaka barabarani, lakini mzee alikuwa ameshapotea katikati ya watu wa mnadani. Akasimama na kuwaza. Kuandika bila jina ni kujishitaki mwenyewe, na asipoandika chochote, nani atajua? Akalifunga daftari, akafunga kabati, akaurudisha ufunguo. Asali aliilamba peke yake, kabla mama yake hajatoka uani.

Jioni baba yake aliporudi aliuliza, "Mambo yalikuwaje?"

"Salama, baba."

Asubuhi ya Jumatano mawingu yalikuwa yameufunika Mlima Hanang mpaka chini, na upepo ulivuma vumbi barabarani. Mama Gidamis alichelewa. Alipofika, Hajira aliona amebeba kibuyu kimoja tu.

"Cha pili kiko wapi, mama?"

"Leo maziwa ni machache, na Gidamis ametangulia na ndama, amechukua yake ya mchana. Nimempa kibuyu kidogo, kile cha kushonwa."

Ufagio ulimtoka Hajira mkononi.

"Cha kushonwa na nini?"

"Na kano. Cha zamani sana hicho. Jana mzee wa nyumbani alitoka nacho, jioni nikakikuta kitupu mlangoni. Nikakiosha, nikakifukiza, nikakitia maziwa." Alikaa kwenye gunia na kupumua. "Nyumbani kwetu mambo si mazuri. Mbwa amekufa jana jua likizama. Alilamba yale maji niliyooshea kibuyu, akaanguka palepale. Labda ameumwa na nyoka."

Mama Gidamis hakujua, na hakuwa na njia ya kujua. Mzee yule alikuwa baba wa mumewe. Kwa desturi yao mke hamtaji baba mkwe kwa jina wala haketi naye kuzungumza. Mzee hakumwambia mkwewe kibuyu kilibeba nini, naye mkwe hakuuliza. Mzee mwenyewe aliamini moshi, kama alivyouamini maisha yake yote.

Gidamis alikuwa na miaka minane. Mara nyingine alikuja na mama yake, akasimama mlangoni akicheka bila kusema neno.

"Mama," Hajira alisema, "Gidamis hunywa saa ngapi?"

"Mchana. Mzee amewafundisha watoto wote. Anayechunga ndama hanywi kabla ndama hawajanywa. Jua likiwa utosini wanafika kisimani korongoni. Kwa nini?"

Kulikuwa na nafasi ya kunyamaza. Hajira aliiona nafasi hiyo wazi kabisa mbele yake. Baba yake angekasirika, kibali kingeondoka ukutani, na yeye, msomi wa mtaa, angeitwa mwongo na mtaa mzima. Lakini aliona pia mdomo wa mtoto kwenye kibuyu. Akakimbia mpaka nyuma ya duka.

"Baba, nilifungua kabati. Nilimimina sumu kwenye kibuyu cha mzee. Gidamis amekwenda nacho machungani, kina maziwa."

Bwana Abdulrahmani alimtazama mara moja tu, kisha akatoka nje. Lori la Alfredi lilikuwa bado linapakia maharage, na Alfredi alipoelezwa aliwaacha wapakiaji na magunia yao. Mama Gidamis alipoambiwa ndani ya lori hakulia. Alishika ubao kwa mikono miwili na kuanza kuita jina la mwanawe kwa sauti ya chini, tena na tena. Hajira alitamani amgombeze, amtukane, afanye lolote isipokuwa lile.

Mogitu walishuka, wakamwacha Alfredi na lori barabarani, na kukimbia kwa miguu kupitia miiba. Jua lilikuwa limepanda. Hajira alikatwa na miiba miguuni, na kila alipotazama juu jua lilikuwa limesogea. Walipofika ukingo wa korongo waliwaona ndama kisimani, vichwa vimeinama, wanakunywa.

Gidamis alikuwa ameketi juu ya jiwe. Alikuwa ameshatoa kizibo cha kibuyu, na mikono yake miwili ilikuwa imekizunguka tumboni, pale penye mishono.

Mama yake alipiga kelele kwa lugha yao. Mtoto aliruka, kibuyu kikamponyoka, maziwa yakamwagika juu ya jiwe na kuteremka mchangani. Mama alimfikia wa kwanza. Alimfungua mdomo kwa vidole, akamnusa, akamuuliza. Gidamis, akiwa ameshikwa na hofu, alitikisa kichwa na kunyoosha kidole.

"Anasema nini?" aliuliza Bwana Abdulrahmani.

Mama Gidamis aliketi chini palepale mchangani. "Hajanywa. Anasema yule mwenye mguu mbovu bado hajafika kisimani. Alikuwa anamngoja."

Ndama wa nne alikuwa nyuma kabisa, akichechemea kwenye mteremko. Hajira, baba yake, Gidamis na mama yake walimtazama akija. Hapo ndipo Mama Gidamis alipolia, na Hajira naye akalia kando yake.

Walifukia mchanga uliolowa mbali na kisima na kuliosha jiwe lile kwa makini, maji yake yakaingia shimoni. Kibuyu wakakipeleka nyumbani kwa mzee, na Bwana Abdulrahmani akamweleza yote mbele ya Hajira, bila kupunguza kosa la binti yake. Kisha akasema kibuyu lazima kiharibiwe, kwa sababu sumu imeshaingia katika ganda lake na moshi hauitoi.

Mzee alikipokea na kukipapasa mishono kwa kidole gumba.

"Hii alishona marehemu mke wangu," alisema. "Tulipohama kutoka Balangida, kilipasuka. Akasema kibuyu hakitupwi."

Akachimba shimo refu kwa mkono wake mwenyewe, mbali na boma, akakivunja na kukifukia. Hajira alitaka kusema samahani, lakini neno hilo lilikuwa dogo mno. Alilisema hata hivyo.

"Mimi nilikuja na kibuyu," mzee alimjibu. "Na wewe ulinipa. Tumekosa wote wawili. Lakini wewe ulijua kusoma."

Kesho yake mzee alikuja dukani mwenyewe. Bwana Abdulrahmani aliweka Kitabu cha Sumu mezani na kumpa Hajira kalamu.

"Jina lako, babu?" Hajira aliuliza.

"Gidahosh. Mogitu."

Akaandika, na chini yake akaandika kwa amri ya baba yake: kopo lilifunguliwa na mtoto, sumu ilitiwa katika kibuyu, na jina liliandikwa siku ya tatu. Mzee akatia dole gumba.

Bwana Abdulrahmani alikitoa kibali ukutani, akakikunja na kukitia ndani ya daftari.

"Naenda Mbulu kumwonyesha Bwana Shauri," alisema. "Huenda akakichukua. Akikichukua, ni haki yake."

"Baba, hakuna aliyekufa. Nani angejua?"

"Sikiliza, Hajira. Mtu wa dawa husoma miaka mingi, hutahiniwa, na jina lake huandikwa serikalini ndipo aruhusiwe kugusa chupa. Mimi sikusoma hivyo. Nimeaminiwa kopo moja tu, kwa masharti matatu. Ulidhani daftari hili ni la kumfurahisha Mzungu. Daftari hili ni la kutuwezesha kumkimbilia mtu kabla hajadhurika. Tungekuwa na jina la mzee, tungekuwa Mogitu usiku uleule, kabla kibuyu hakijatiwa maziwa. Mtoto wa miaka minane alifuata sharti la babu yake mpaka ndama wa mwisho, na hakuna aliyekuwa akimwona. Ndiyo maana yu hai."

Akatoka. Hajira alibaki mlangoni, na mbali barabarani akamwona Mama Gidamis akija na maziwa, na Gidamis kando yake. Hajira alifuata sufuria. Chembe za mkaa zilipoelea juu, hakukunja uso.